Makhan Singh: Mpiga chapa aliyefungwa miaka 11 kwa ajili ya wafanyakazi

WAKENYA wanapohesabu mashujaa waliofungwa na serikali ya kikoloni, majina yanayotangulia midomoni ni ya wale sita wa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kabla ya hao sita kupelekwa katika nyika kavu ya Lokitaung, alikuwako mwingine aliyewatangulia huko. Ni wachache zaidi wanaojua kuwa siku mtu huyo alipofunguliwa, Kenyatta mwenyewe alikuwa ameshakuwa huru kwa takriban miezi miwili.

Mtu huyo aliitwa Makhan Singh. Hakuwa mwanajeshi, hakuwa wakili, wala hakuwa na mali ya kutisha mtu. Alikuwa mpiga chapa, mtoto wa fundi wa reli, aliyeanza maisha ya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha baba yake jijini Nairobi. Lakini kwa wino, karatasi na herufi za risasi, alisaidia kujenga vyama vya wafanyakazi ambavyo serikali ya kikoloni iliviona kuwa hatari kubwa kwa utawala wake.

Maisha yake yanaonyesha jambo moja ambalo historia ya kudai uhuru huligusa kwa nadra. Kabla watu hawajagoma, kabla hawajakusanyika uwanjani, lazima kwanza wapate habari moja kwa wakati mmoja. Na katika nchi ambayo magazeti makubwa yalikuwa mikononi mwa walowezi, habari hiyo ilitegemea mitambo midogo ya kuchapia iliyokuwa vichochoroni, na watu waliokubali kuhatarisha riziki yao kwa kuiendesha.

Mtoto wa Punjab

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, eneo la Punjab ambalo leo liko Pakistan. Wakati huo Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Waingereza.

Mwaka huohuo wa 1913, mbali kabisa na kijiji hicho, wahamiaji kutoka India, wengi wao wakiwa Wapunjabi, walianzisha gazeti mjini San Francisco, Marekani. Gazeti hilo lililoitwa Ghadar, yaani uasi, lilitoka kwanza kwa Kiurdu mwezi Novemba, kisha kwa Kipunjabi. Walioliandika ndio waliolichapa, ndio waliolikunja na kulituma kwa posta kwa ndugu zao waliotawanyika duniani, ikiwamo Afrika Mashariki. Waliishi pamoja, wakala pamoja na kufanya kazi pamoja chini ya paa moja. Waingereza walilipiga marufuku na kuwaandama waliokutwa nalo.

Hivyo Makhan Singh alikulia katika mazingira ambayo karatasi iliyochapwa ilikuwa na uzito wa silaha. Alikuwa na umri wa miaka mitano tu Aprili 1919, askari walipowaua kwa risasi mamia ya watu mjini Amritsar, na siku iliyofuata ndege za Waingereza zikadondosha mabomu Gujranwala kuzima maandamano.

Baba yake, Sudh Singh, alikwenda Kenya kufanya kazi ya ufundi katika shirika la reli. Mwaka 1927 kijana Makhan, akiwa na miaka 13, alivuka bahari kumfuata. Alisoma Nairobi na alionekana kuwa na kichwa chepesi, lakini fedha za kumpeleka chuo hazikuwapo. Wakati huo Sudh Singh alikuwa ameacha ajira na kufungua kiwanda cha uchapaji kilichojulikana kwa jina la Punjabi Printing Press. Kijana alipomaliza masomo mwanzoni mwa miaka ya 1930, chuo chake kikawa hapo.

Chuo cha risasi na wino

Uchapaji wa enzi hizo ulikuwa kazi ya mikono na macho. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku pana la mbao lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake ya risasi. Aliokota herufi moja baada ya nyingine na kuzipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuka kama zionekanavyo kwenye kioo, kwa kuwa hunyooka tu zinapogusa karatasi. Ukurasa ulipokamilika ulibanwa ndani ya fremu ya chuma, ukapakwa wino, kisha mtambo ukaanza kubana karatasi moja moja. Kazi ilipokwisha, kila herufi ilirudishwa kijumbani mwake ili itumike tena kesho.

Viwanda vidogo vya Wahindi mjini Nairobi viliishi kwa kazi za kawaida: kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, matangazo ya maduka. Lakini katika mji ambao watu wake walisoma kwa hati tofauti, Kigurmukhi, Kigujarati, Kiurdu na herufi za Kilatini, mpiga chapa alikuwa mtu wa pekee. Ndiye aliyeweza kusimama katikati ya jamii ambazo utawala wa kikoloni ulizitenga kwa rangi, mitaa, shule na hata viwango vya mishahara.

Viwanda hivyo pia vilikuwa na historia ya kukubali kazi ambazo wengine walizikataa. Mwaka 1921, Harry Thuku alipoanza kuwakusanya Waafrika kupinga kodi, kazi za kulazimishwa na kipande, aliyempa nafasi katika ofisi na mtambo wa kuchapia alikuwa Manilal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Mwaka 1928, gazeti la Kikuyu Central Association lililoitwa Muigwithania, ambalo Kenyatta alilihariri, nalo lilichapwa na Mhindi, Sitaram Achariar. Mwaka 1933, Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times, gazeti ambalo baadaye lilimpeleka jela kwa kosa la uchochezi.

Haikuwa ajabu kwa mitambo hiyo kuwa muhimu kiasi hicho. Karatasi ndiyo iliyokuwa chombo cha mkoloni cha kumfunga mfanyakazi. Mwanamume wa Kiafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Waliotaka kulivunja gamba hilo la karatasi walihitaji karatasi zao wenyewe.

Chama cha watu wa rangi zote

Mwaka 1935, Makhan Singh akiwa na umri wa miaka 21, mafundi wa Kihindi waliokuwa na chama kidogo kilichodhoofika walimwomba awe katibu. Hakuna mshahara uliotolewa. Jambo la kwanza kubwa lililofanyika chini yake lilikuwa kubadili jina. Chama kilichoitwa cha Wahindi kikawa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi bila kujali rangi, dini wala tabaka.

Kwa Kenya ya wakati huo, hilo lilikuwa jambo zito. Mwashi wa Kihindi alilipwa mara kadhaa ya kibarua wa Kiafrika aliyembebea mawe, na Mzungu alilipwa zaidi ya wote wawili. Mfumo mzima ulisimama juu ya imani kwamba watu hao watatu hawana jambo la pamoja la kuzungumza.

Hapo ndipo kiwanda cha baba kilipoingia kazini. Vipeperushi vya chama vilianza kusambazwa Nairobi kwa lugha zaidi ya moja: Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili. Havikuwa vitabu. Vilikuwa karatasi fupi za kutangaza mkutano, kueleza dai, kutaja saa na mahali. Chama kilitoa pia gazeti lake, Kenya Worker. Mpiga chapa na katibu wa chama alikuwa mtu mmoja, hivyo lile lililoamuliwa na kamati jioni halikuhitaji kubembeleza mwenye mtambo asubuhi.

Kisheria, Punjabi Printing Press ilikuwa mali ya familia, wala haikuwa ya ushirika. Lakini kwa matumizi yake ilikuwa kama karakana ya umma. Tofauti na magazeti makubwa, ambayo mfanyakazi aliyasoma tu, hapa mfanyakazi alikuwa mwandishi, msomaji na msambazaji. Kipeperushi kilipita mkono kwa mkono katika maeneo ya ujenzi, karakana za mbao na gereji. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake wasiojua. Karatasi moja ilifika masikio mengi.

Saa nane na siku 62

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1936 chama kilitangaza kuwa kuanzia Oktoba 1, siku ya kazi iwe na saa nane badala ya saa nyingi zisizo na kikomo walizokuwa wakifanya mafundi. Kampeni hiyo iliendeshwa kwa mikutano na vipeperushi, na waajiri wengi wakakubali.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa magumu zaidi. Chama kilidai nyongeza ya mishahara ya asilimia 25, na kuanzia Aprili 1937 mafundi wa Nairobi waliweka zana chini. Mgomo huo ulidumu siku 62. Ulipomalizika, wafanyakazi walikuwa wamepata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22.

Inafaa kukumbuka mgomo huo ulimkabili nani. Waajiri wengi walioguswa walikuwa makandarasi wa Kihindi, watu waliosali mahali pamoja na mafundi wao na kuhudhuria harusi zao. Makhan Singh hakuwa akipigana na Mwingereza tu. Alikuwa akiwaambia matajiri wa jamii yake kwamba undugu wa damu hauondoi deni la mshahara. Kwa familia iliyoishi kwa kuchapa kadi na stakabadhi za wafanyabiashara haohao, huo haukuwa msimamo wa bure.

Serikali nayo ilishtuka. Mwaka huohuo wa 1937 ilileta sheria ya kuandikisha vyama vya wafanyakazi, yenye lengo la kuviweka chini ya jicho lake. Chama kiliandikishwa, kikapanua jina na kuwa Labour Trade Union of East Africa, kikilenga pia Uganda na Tanganyika. Ilipofika 1939, viongozi wawili wa Kikuyu Central Association, Jesse Kariuki na George Ndegwa, waliingia katika kamati yake kuu. Mwaka huohuo wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari ikayumba, na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi.

Kifungo cha kwanza

Mwishoni mwa 1939 Makhan Singh alikwenda India kujionea harakati za wafanyakazi huko. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza. Mei 1940 alikamatwa na serikali ya Waingereza ya India, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi, kisha akazuiwa kutoka kijijini kwake. Hakuwa huru kamili hadi 1945.

Alipoachiwa, alirudi kwenye kazi aliyoijua. Alikuwa mhariri msaidizi wa Jang-i-Azadi, gazeti la kila wiki la Chama cha Kikomunisti lililotolewa mjini Lahore. Yeye mwenyewe hakuwahi kuficha kuwa ni mkomunisti, ingawa alijua jina hilo lingempotezea marafiki wengi kuliko lingewaongeza.

Agosti 1947, mwezi ambao India ilipata uhuru na Punjab ikagawanywa kwa damu nyingi, Makhan Singh alirejea Kenya. Kijiji alichozaliwa kilikuwa sasa ndani ya nchi mpya ya Pakistan. Serikali ya Kenya ilimtaka aondoke mara moja. Alikataa, akisema hapa ndipo nyumbani. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa, lakini hakuondoka.

Kenya aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Januari 1947 Mombasa ilikuwa imetikiswa na mgomo mkubwa ulioongozwa na Chege Kibachia wa African Workers Federation, ambaye mwezi huohuo wa Agosti alikamatwa na kupelekwa kizuizini. Askari waliorudi kutoka vitani hawakutaka tena kuambiwa wasubiri. Na Waafrika sasa walikuwa na magazeti yao, likiwamo Mumenyereri la Henry Muoria, lililoanzishwa 1945.

Siku ya Wafanyakazi, 1949

Mei 1, 1949, vyama kadhaa viliungana na kuunda East African Trade Union Congress. Fred Kubai akawa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika na Mhindi kuongoza kwa pamoja jumuiya ya namna hiyo nchini. Serikali ilikataa kuiandikisha.

Machi 1950, wakuu wa Nairobi walipokuwa wakishona bendera na kupanga karamu kusherehekea mji kupewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme, jumuiya hiyo iliwataka wafanyakazi wasishiriki. Hoja yake ilikuwa kwamba Nairobi ni mbili: moja ya matajiri wenye bustani na taa, na nyingine ya maskini waliolala wengi katika chumba kimoja. Jiji linalosherehekewa, ilisema, si lao.

Wiki chache baadaye, Aprili 23, Kenya African Union na East African Indian National Congress zilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Makhan Singh alisimama na kupendekeza jambo ambalo wengi walilifikiri lakini hawakulitamka hadharani: kwamba dawa ya matatizo yote yaliyokuwa yakizungumzwa pale ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, tena bila kuchelewa. Wenye tahadhari waliona ni mapema mno. Ilibaki miaka 13 tu kabla bendera ya Uingereza haijashushwa Nairobi.

Siku 22 baada ya mkutano ule, Mei 15, 1950, polisi walimkamata yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ilisimama. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiwe, Kibachia naye afunguliwe, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilileta mabomu ya machozi na magari ya deraya. Mgomo uliendelea kwa zaidi ya wiki moja na kuenea nje ya mji, jambo lililoonyesha kuwa chama kisichotambuliwa na sheria kilitambuliwa na watu.

Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yuleyule ambaye baadaye angemhukumu Kenyatta kule Kapenguria. Serikali ilitaka atangazwe kuwa mtu asiyefaa kuwapo huru nchini. Mbele ya jaji huyo hakukana imani yake ya kisiasa, wala hakukubali kuwa Uingereza ina haki ya kuitawala Kenya. Amri ya kumzuia ilitolewa, akapelekwa Lokitaung.

Miaka 11 bila mtambo

Kwa mpiga chapa, adhabu ile ilikuwa na ukali wake wa pekee. Kutoka Lokitaung alihamishiwa Maralal, na baadaye Dol Dol, kote huko akitenganishwa na mji, na wafanyakazi na na mtambo. Mke na watoto walibaki Nairobi. Kila mara njia moja iliachwa wazi: akikubali kuondoka Kenya moja kwa moja, atafunguliwa. Aliikataa miaka nenda miaka rudi. Kuondoka kungekuwa kukubali kwamba mtu wa asili ya India ni mgeni Kenya, na hilo ndilo hasa alilokuwa amelipinga tangu 1935.

Nyuma yake, ulimwengu wa vipeperushi na magazeti madogo ulikuwa ukizimwa. Oktoba 20, 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Magazeti ya Waafrika yalipigwa marufuku na wahariri wakakamatwa. Muoria, aliyekuwa safarini Uingereza, hakuweza kurudi. Wenye viwanda vya uchapaji walijua kwamba kazi moja isiyowapendeza watawala ingewagharimu leseni na mitambo yao.

Harakati za wafanyakazi hazikufa, lakini ziliingia katika mikono mingine. Kijana Tom Mboya aliinuka akiongoza Kenya Federation of Labour, na kizazi kipya kilijifunza siasa kikiwa hakijawahi kumwona katibu mkuu wa jumuiya ya 1949.

Makhan Singh aliachiwa Oktoba 22, 1961, baada ya miaka 11 na miezi mitano. Katika uongozi wa juu wa harakati za uhuru nchini, ni vigumu kumpata aliyekaa kizuizini mfululizo kwa muda mrefu kuliko yeye.

Uhuru usio na kiti

Alijiunga na KANU na kushangilia uhuru wa Desemba 12, 1963 pamoja na wengine. Lakini hakupewa cheo chochote cha maana serikalini, wala nafasi katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi alivyovianzisha. Kenya mpya ilikuwa imechagua upande wake katika Vita Baridi, na mkomunisti asiyetaka kukana ukomunisti wake hakuwa mgeni anayesubiriwa mezani. Pia hakuwa na kabila la kumsemea bungeni. Waliomfunga walimwona Mhindi asiyekaa na Wahindi wenzake, na baadhi ya aliowapigania nao wakamwona hivyohivyo.

Hakuandika malalamiko. Alifanya lile lililobaki katika uwezo wake: alikusanya karatasi. Tangu ujana alikuwa mtu wa kutunza kila kitu, miniti za mikutano, barua, maazimio, vipeperushi. Karatasi ambazo wengine walifungia maandazi, yeye alikuwa amezihifadhi. Mwaka 1969 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, na ndani yake vipeperushi vile vya zamani vilipata kusomwa tena.

Kitabu hicho hakina mbwembwe. Mwandishi anajitaja kwa nadra na kwa ufupi, kana kwamba anamsimulia mtu mwingine. Lakini hadi leo mtafiti wa historia ya kazi nchini Kenya hawezi kukikwepa, kwa sababu hakuna aliyeweka kumbukumbu za miaka hiyo kwa uangalifu wa kiasi hicho. Sehemu ya pili, inayohusu miaka ya 1952 hadi 1956, ilitoka 1980 ikiwa imehaririwa na Profesa Bethwell Ogot.

Wakati huo mwandishi alikuwa ameshalala kaburini miaka saba. Makhan Singh alifariki kwa ugonjwa wa moyo jijini Nairobi Mei 18, 1973, akiwa na umri wa miaka 59, siku tatu tu baada ya kutimia miaka 23 tangu akamatwe mwaka 1950.

Kwa miongo mingi jina lake lilitajwa zaidi na wasomi kuliko wafanyakazi. Mwaka 2006 mwandishi wa Kenya Zarina Patel alitoa kitabu kizima kuhusu maisha yake, na tangu hapo wengi wamemjua upya. Hata hivyo, kila Mei Mosi maelfu husimama viwanjani nchini Kenya kusikiliza tangazo la nyongeza ya mishahara, na wengi wao hawajui kwamba walioifanya siku hiyo kuwa ya mfanyakazi wa Afrika Mashariki walitawanyishwa jela na nyikani kwa sababu yake.

Mitambo ya herufi za risasi imekwisha kugeuka chuma chakavu, na mfanyakazi wa leo anapata tangazo la mgomo kwenye simu yake ya mkononi. Lakini matangazo ya simu hufutika haraka, na anayeyafuta mara nyingi si aliyeyaandika. Vipeperushi vya Makhan Singh vilichapwa kwa haraka, kwenye karatasi za bei ya chini, kwa ajili ya kusomwa siku moja na kutupwa. Vimebaki kwa kuwa aliyevichapa alikataa kuvitupa. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na yeyote anayetaka kujua saa nane za kazi zilifikaje Kenya anaweza kwenda kuzisoma.